Natafiti malighafi za betri hapa Mbeya, kwa kompyuta na kwa tanuru. Karibuni tuulizane

Mwana wa Kyimbila (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Kila nikirudi nyumbani Tukuyu, baba mkubwa ananiuliza swali lilelile: "Hiyo kompyuta yako ndiyo itatengeneza betri?" Mwaka huu nimeamua kumjibu kwa maandishi, na kwa kuwa wengi humu mna sola majumbani, nimeona nijibu hadharani.

Jibu fupi: haitengenezi. Kazi yake ni kuniambia kipi nisihangaike kukipika kwa miezi sita. Jibu refu ndilo uzi wenyewe.

Ichukulie betri kama barabara ya mlimani. Ukichaji, unapandisha mizigo kutoka bondeni kwenda juu. Mizigo hiyo ni ioni, chembe ndogo za lithiamu au sodiamu. Ukiwasha taa, ioni zinateremka ndani ya betri, na elektroni zake, ambazo haziruhusiwi kupita humo ndani, zinazunguka kwa nje kwenye waya. Huko kwenye waya ndiko zinakokuwashia taa. Urefu wa mteremko ndio volti. Wingi wa mizigo inayoweza kukaa juu ndio uwezo wa betri. Upana wa njia ndio unaoamua kama utachaji kwa saa moja au kutwa nzima. Halafu kuna jambo la nne, linalotunyima usingizi: njia hiyo itapitika masika mangapi kabla haijabomoka.

Sasa kompyuta inaingilia wapi? Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walionyesha kwamba ukitaka kujua nishati ya kitu huna haja ya kufuatilia kila elektroni peke yake. Inatosha kujua zimesongamana kiasi gani mahali hadi mahali. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Jeu Sham wakatoa namna ya kuipiga hesabu yenyewe. Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya kemia 1998 kwa kazi hiyo. Sisi tunaiita DFT. Kwa betri inafanya hivi: napiga hesabu ya nishati ya fuwele (kitu kigumu ambacho atomi zake zimepangwa kwa mpangilio unaojirudia) ikiwa imejaa lithiamu, naipiga tena ikiwa tupu, kisha ya lithiamu peke yake. Natoa, nagawa kwa idadi ya lithiamu zilizohama, napata volti. Tanuru bado halijawashwa.

Hapo ndipo wengi hufurahi na kuishia, na ndipo mimi nilipoumia. Chukueni betri za LFP, zile za chuma na fosfeti zinazojaa sasa kwenye maduka ya sola Mwanjelwa. Ukiipima LFP maabara dhidi ya lithiamu tupu unapata volti 3.4 na ushee. Mimi nilipopiga hesabu mara ya kwanza nilipata pungufu kwa karibu nusu volti. Nilishinda wiki nzima natafuta herufi niliyokosea. Hakukuwa na herufi iliyokosewa. Hesabu ya kawaida huzitandaza elektroni za chuma kama uji uliomwagika mezani, wakati kwenye fuwele halisi zimeng'ang'ania atomi yake ya chuma. Yapo marekebisho ya kuzirudisha mahali pake, yanaitwa kwa jina la Hubbard. Ukiyaweka, namba inapanda na kukaribiana na ya maabara.

Kwa hiyo namba ya kompyuta nayo inahitaji kipimo cha kuithibitisha. Kipimo nacho kinahitaji hesabu ya kueleza kwa nini kimetoka hivyo. Hilo ndilo nililokuja kulisema, mengine yote nitakayoandika yanalizunguka hilo.

Karibuni kwa maswali.

Binti wa Isimani

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mimi nasoma kemia hapa Iringa mwaka wa pili. Kaka, hilo la upana wa njia hujalieleza.

Mwana wa Kyimbila

Dada, hilo ndilo nilipendalo kuliko yote, na mfano wake uko huko kwenu.

Ndani ya fuwele ioni haitembei kama maji. Inakaa kwenye kishimo, halafu inaruka kigingi na kuingia kishimo kinachofuata. Kompyuta inaweza kupima urefu wa kigingi hicho kwa kuisogeza ioni hatua kwa hatua na kuangalia nishati inavyopanda na kushuka. Tofauti ndogo ina madhara makubwa sana. Kwenye joto la kawaida la nyuzi 25, kigingi cha elektroni-volti (kipimo kidogo cha nishati) 0.3 na cha 0.6 hupishana kwa kasi zaidi ya mara 100,000. Unazidisha urefu mara mbili tu, na kinachochaji kwa dakika sasa kinahitaji miezi.

Sasa LFP. Ilitoka mwaka 1997 Texas kwa John Goodenough, mwanafunzi wake Akshaya Padhi na wenzao. Mwanzoni ilionekana nzito wa mwendo: walifanikiwa kutoa sehemu tu ya lithiamu, tena kwa mkondo mdogo. Mwaka 2004 watu wa hesabu (Morgan, Van der Ven na Ceder) wakaonyesha kwa kompyuta kwamba humo ndani lithiamu hupita kwenye mahandaki yaliyonyooka upande mmoja tu, na vigingi vya kuhamia handaki la pembeni ni virefu mno. Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakaipima fuwele kwa nyutroni, wakaiona njia yenyewe, ileile.

Njia ya upande mmoja, isiyo na mchepuko. Aliyewahi kukwama Kitonga anajua maana yake. Lori moja likifa katikati ya mlima, foleni inafika Ruaha Mbuyuni. Kwenye LFP lori bovu ni atomi ya chuma iliyokaa mahali pa lithiamu. Ikizibwa njia, lithiamu zote zilizo nyuma yake zinabaki humo. Ndiyo sababu ya kutengeneza chembe ndogondogo: handaki likiwa fupi, uwezekano wa kukuta lori humo unapungua, na hata likiwepo linazuia wachache. Wakaongeza na kuzipaka chembe hizo kaboni ili elektroni zipite. Kitu kilichoonekana kizito mwaka 1997 leo kinaendesha mabasi.

Nikilisoma jambo hili huwa nasisimka. Hesabu ilitangulia, jicho likafuata baada ya miaka 4.

Fundi Sola Mafinga

Mkuu nimesoma yote, Kitonga nimeielewa maana nimelala pale mara mbili na mzigo wa paneli.

Mimi sina shule ya hivyo ila nafunga sola Mafinga, Makambako mpaka Makete. Nina swali la kazi. Mwezi wa 6 na wa 7 wateja wa Makete wananipigia: betri ya lithiamu asubuhi haichaji na jua limeshatoka. Ikifika saa 4 inaanza yenyewe. Wananiambia nimewauzia mbovu. Betri ya maji ya zamani haikuwa na tabia hiyo. Nini hiki?

Mwana wa Kyimbila

Fundi, asante sana, hili ni swali la utafiti kabisa.

Upande wa kupokea chaji wa hiyo betri ni kinywe, yaani grafaiti, kaboni iliyopangana tabaka tabaka kama karatasi. Lithiamu inatakiwa iingie katikati ya karatasi za kinywe. Baridi ikizidi, kuingia kunakuwa kwa shida, mlangoni panajaa. Ukiendelea kuisukuma, lithiamu inaacha kuingia, inajipaka juu kama metali tupu. Lithiamu iliyojipaka hivyo nyingine hairudi tena kazini, na ikiota miiba inaweza kutoboa utando wa katikati na kuunganisha pande mbili. Hapo ndipo moto unapotoka. Kwa hiyo bodi ya ulinzi, ile mnayoiita BMS, ikihisi seli zimefika karibu na nyuzi sifuri inafunga mlango wa kuchaji. Jua likipasha banda, inafungua. Betri uliyouza ni nzima, tena ina bodi inayojua kazi yake. Ile isiyogoma asubuhi ya Julai ndiyo ningeiogopa.

Hata kabla ya kufika sifuri baridi inakula. Chukua kigingi cha elektroni-volti 0.5, cha aina niliyoieleza kwa dada hapo juu: ukishuka kutoka nyuzi 30 hadi 5, ioni inakuwa nzito wa kuruka zaidi ya mara 5. Betri nyingi zinapimwa kiwandani kwenye nyuzi 25. Makete alfajiri ya Julai hakuna nyuzi 25.

Cha kufanya: betri iingie ndani ya nyumba, ukuta wa katikati, isikae kwenye banda la bati wala sakafuni kwenye saruji. Sanduku la mbao lenye maranda linasaidia, ila iachiwe pa kupumulia na maranda yasiguse nyaya.

Halafu naomba jambo. Una kipimajoto?

Fundi Sola Mafinga

Ninacho cha kidijitali, kina waya.

Mwana wa Kyimbila

Mteja mmoja wa Makete akikubali, weka waya huo kwenye ganda la betri, usome saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni kwa wiki mbili. Andika na muda betri inapoanza kupokea chaji. Namba hizo nikizipata, nitapiga hesabu kwa joto la kwetu wenyewe badala ya 25 za kiwandani.

Mama Igurusi

Habari zenu wanangu. Mimi nina mashine ya kukoboa hapa Igurusi. Nimesikia kwa mtu kwamba vyuo vinatafuta pumba za mpunga kutengenezea betri. Huku kwetu ni milima na milima, tunawapa wachoma tofali, nyingine tunachoma moto tu. Ni kweli? Kama ni kweli niache kuzigawa?

Mwana wa Kyimbila

Shikamoo mama.

Ni kweli zinatafitiwa, na mimi mwenyewe ndizo ninazopika. Lakini usiache kuwapa wachoma tofali. Nitakueleza kwa nini, maana sitaki ufungie pumba stoo ukisubiri mnunuzi ambaye hajazaliwa.

Pumba ina mambo mawili ndani. Sehemu kubwa ni ya kuungua, hiyo inatoa kaboni. Karibu sehemu moja ya tano hubaki majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika, jamii ya kitu kilichomo kwenye mchanga na kioo. Ndiyo maana pumba inakwaruza na ndiyo maana ng'ombe hawaipendi.

Njia ya kwanza ni kuichukua kaboni. Betri za sodiamu haziwezi kutumia kinywe. Watu wengi husema ni kwa sababu sodiamu ni kubwa mno, haipiti. Maelezo hayo hayatoshi: potasiamu ni kubwa kuliko sodiamu na inaingia kwenye kinywe bila tabu. Hesabu za kompyuta ndizo zilizoweka jambo sawa, kwamba sodiamu inashikana na karatasi za kinywe kwa ulegevu mno, haina faida ya kubaki humo. Kwa hiyo inatafutwa kaboni iliyovurugika, yenye karatasi zilizokunjamana na matundu madogo katikati. Tunaiita kaboni ngumu. Mwaka 2000 Stevens na Dahn huko Kanada waliichoma glukosi, yaani sukari, wakapata kaboni inayobeba miliampea-saa karibu 300 kwa gramu. Kinywe chenye lithiamu kikomo chake ni 372. Toka hapo watu wamechoma kila kitu: maganda ya ndizi, mabunzi, mbao, na pumba.

Njia ya pili ni kuichukua silika. Ukiichanganya na unga wa magnesiamu na kuipasha nyuzi kama 650 bila hewa, magnesiamu inainyang'anya oksijeni, unabaki na silikoni. Silikoni ikipokea lithiamu inabeba hadi miliampea-saa 3,579 kwa gramu, karibu mara kumi ya kinywe. Shida yake inavimba ikijaa, zaidi ya mara tatu ya ujazo wake, ikitoka inasinyaa, na baada ya safari chache inapasuka kama tope la Usangu mwezi wa 9.

Sasa niwaambie kilichonipata. Kwenye kompyuta nilijenga kaboni safi, karatasi zimeachana kidogo, matundu yapo, hesabu ikanipa matumaini mazuri. Nikapika pumba. Tanuru linapanda hadi nyuzi 1,200 ndani ya gesi ya agoni ili mkaa usiungue kuwa majivu. Mara ya kwanza umeme ulikatika tukiwa kwenye nyuzi 900, agoni ikaisha wakati tanuru bado ni moto, hewa ikaingia. Asubuhi nilikuta unga mweupe. Chuoni hapo palikuwa na jenereta, ila dizeli haikuwa imenunuliwa, na niliambiwa hivyo baada ya pumba kuungua. Kilo za agoni zile zilikuwa zimetoka Dar kwa lori. Niliumia sana.

Mara ya pili ilikubali. Nikatengeneza seli ndogo za duara kama betri za saa, nikapima. Nikapata chini ya nusu ya nilichotarajia.

Kosa lilikuwa nini? Kompyuta niliipa kaboni tupu. Mimi nilipika kaboni pamoja na silika yake. Nilipima gramu moja nikadhani yote inafanya kazi, kumbe sehemu kubwa ya gramu hiyo ni mchanga. Tena ukipika pumba mkaa unapungua na silika haipungui, kwa hiyo sehemu ya silika kwenye mkaa ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwenye pumba. Nilipoichemsha kwanza kwenye magadi makali ya sodiamu, silika ikayeyuka, nikaosha mpaka maji yakawa hayana ukali, nikakausha na kupika upya, namba ikapanda vizuri. Bado kuna chaji inayopotea safari ya kwanza, sodiamu inayokwama kwenye utando unaojijenga juu ya kaboni. Huko ndiko niliko leo.

Mama, kwa kipimo changu gunia lako moja linanitosha miezi mingi. Nikiliomba nitalilipia.

Mama Igurusi

Marahaba mwanangu. Gunia sikuuzii. Nitalipakia kwenye Coaster, lishukie Mbeya stendi, nauli ya mzigo ulipe wewe. Unataka ya mpunga gani? Maana ya huku na ya Kyela hazifanani, ya Kyela nyembamba.

Mwana wa Kyimbila

Ndaga fijo mama. Naomba zote mbili, kila moja mfuko wake, na uniandikie shamba lilitiwa mbolea gani kama unajua. Hilo la kutofautisha sikulifikiria, na lina maana: mpunga hunyonya silika kutoka kwenye udongo na maji, na udongo wa Kyela na wa Usangu haufanani.

Mzee wa Vwawa

Vijana mnaongea vizuri, ila mimi nauliza kwa uchungu. Wachina wameshatengeneza betri, zimejaa madukani, bei inashuka kila mwaka. Sisi tuna kinywe Mahenge, nikeli Kabanga, chuma Liganga. Tuchimbe tuuze, tujenge barabara. Huyu kijana kuunguza pumba Mbeya kunamsaidia nini mkulima wa kahawa wa Mbozi?

Mwalimu Njombe

Mzee mwenzangu, naomba kuchangia kabla mwenye uzi hajajibu. Liganga iko mkoani kwetu, Ludewa. Chuma chake kina titani na vanadiamu. Nimewafundisha vijana kwamba vanadiamu ina hali nne ndani ya tindikali, kila moja na rangi yake: zambarau, kijani, buluu na njano. Nafahamu pia kuna betri inayotumia rangi hizo hizo. Kijana, hilo unalijua? Tusizungumze uchimbaji tu.

Mwana wa Kyimbila

Shikamooni wazee wangu. Nianze na mwalimu, kisha nimjibu mzee wa Vwawa, maana majibu yanaungana.

Betri ya vanadiamu ilitengenezwa miaka ya 1980 na Maria Skyllas-Kazacos na wenzake, Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia. Ina matangi mawili ya kimiminika. Tangi moja lina vanadiamu ya zambarau na kijani, jingine ya buluu na njano, pampu zinazungusha vimiminika hivyo kwenye seli yenye utando katikati. Uzuri wake ni kwamba pande zote ni metali moja: kikivuja kidogo kwenda upande wa pili, betri haiharibiki, unarekebisha na kuendelea. Ukitaka nishati zaidi unaongeza tangi. Ubaya wake ni uzito: lita moja ina kama saa-wati 25 tu, huwezi kuiweka kwenye bodaboda. Inafaa kukaa chini, karibu na kituo cha umeme.

Lakini mwalimu, angalia jambo hili: kimiminika cha kawaida cha betri hiyo kinataka joto kati ya nyuzi 10 na 40. Ikipita 40 ile ya njano inaganda na kuziba mabomba. Ikishuka chini ya 10, upande wa pili ndio unaoanza kutoa chumvi. Dodoma ingeogopa mchana, Njombe ingeogopa usiku. Malighafi ileile, shida mbili tofauti, kwa sababu ya mwinuko tu.

Mzee wangu wa Vwawa, hapo ndipo jibu lako lilipo.

Nakubaliana nawe kwamba madini ni utajiri. Siwezi kukubali kwamba kuwa na madini ni nusu ya kuwa na betri. Kinywe cha kuingia kwenye betri kinatakiwa kiwe safi kwa asilimia 99.95, na kila chembe iviringishwe iwe kama punje ya ulezi. Kati ya jiwe la Mahenge na punje hiyo kuna kemia, kuna tanuru, kuna watu wa kupima. Anayejua kupima ndiye anayejua bei ya haki. Jirani yako hapo, kilima cha Panda karibu na Songwe, kuna niobiamu. Kwa miaka mingi inafahamika kama madini ya kuimarisha chuma cha pua na mabomba. Mwaka 2011 kundi la Goodenough lilichapisha kazi kuhusu oksidi ya titani na niobiamu kama upande wa kupokea chaji. Inapokea lithiamu kwenye kimo cha volti kama 1.6 juu ya lithiamu tupu, kwa hiyo ile hatari ya lithiamu kujipaka niliyomweleza fundi inakuwa mbali, na unaweza kuchaji kwa haraka. Mtu anayeuza jiwe hilo bila kujua habari hii anauza akiwa amefumba macho.

Kuhusu Wachina: ni kweli wametangulia, na mimi najifunza kwa karatasi zao kila usiku. Kampuni ya CATL ilipotangaza betri yake ya sodiamu mwaka 2021 ilisema inabaki na zaidi ya asilimia 90 ya uwezo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa baridi ya kwetu hiyo ni habari kubwa. Nani atapima hapa kwetu kama inadumu kwenye vumbi la kiangazi na umeme wa kubahatisha, zahanati ya kijijini ikiitegemea kuhifadhi chanjo? Hakuna kiwanda cha mbali kitakachokuja kukesha Makete kwa ajili hiyo. Na mkulima wa Mbozi mwenye pampu ya sola ndiye anayenunua betri bila mtu wa kumwambia itakufa lini.

Mzee wa Vwawa

Marahaba kijana. Hilo la kuuza umefumba macho limenigusa. Nilifanya kazi mgodini, nilisaini magunia ambayo sikujua kilichomo. Endelea.

Binti wa Isimani

Kaka, mimi nataka kuanza hizo hesabu. Nina laptopu ya RAM 8, sina kompyuta kubwa. Nitaweza au nijidanganye?

Mwana wa Kyimbila

Utaweza, na anza wiki hii.

Weka Linux, kisha programu ya Quantum ESPRESSO, ni ya bure. Anza na silikoni: atomi mbili tu, laptopu yako itamaliza kabla chai haijapoa. Usikimbilie LFP. Kifungu chake kimoja kinachojirudia kina atomi 28, chuma kina usumaku wake, itakula usiku kucha na huenda isifike. Maumbo ya fuwele usiyachore kwa kubuni, yachukue kwenye hifadhidata ya Materials Project iliyoanza 2011 Marekani, unajiandikisha bure.

Jambo moja nakuomba ulishike kama kanuni ya maabara. Programu haigomi kukupa namba. Ukiiwekea vipimo vibaya itakupa namba vilevile, yenye desimali nane, inayopendeza. Kwa hiyo ongeza kikomo cha nishati (kipimo unachoiwekea programu kuamua hesabu iwe ya undani kiasi gani), piga tena. Ongeza tena, piga tena. Namba ikiacha kucheza ndipo uiandike kwenye daftari. Mimi nilipoteza mwezi mzima kwa kuamini namba ya kwanza, na niliiwasilisha mbele ya watu.

Ukishazoea, kuna shule ya Afrika ya hesabu za namna hii, inaitwa ASESMA, inazunguka nchi mbalimbali. Imeshafanyika Eldoret na Addis Ababa. Nyuma yake wamo watu wa ICTP ya Trieste, Italia, kituo alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistani mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Na Cape Town kuna kompyuta kubwa ya taifa ambayo watafiti wa nchi nyingine za Afrika wamekuwa wakipewa nafasi kupitia ushirikiano. Mwalimu wako akikuandikia barua, omba.

Binti wa Isimani

Silikoni imekubali! Sekunde 9. Nimeongeza kikomo mara nne, kuanzia ya tatu namba haichezi tena kwenye desimali ya tatu. Sasa nafanya nini?

Mwana wa Kyimbila

Safi sana dada! Sasa badilisha ukubwa wa fuwele kidogo kidogo, mdogo mpaka mkubwa, uchore nishati. Utapata bakuli. Chini ya bakuli ndio ukubwa wa silikoni kwa mujibu wa hesabu. Ulinganishe na wa maabara, angstromu 5.43 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Utakuta zimepishana kidogo. Njoo utuambie zimepishana kiasi gani, na unadhani ni kwa nini.

Mwalimu Njombe

Naomba nami niletewe hatua hizo, nina vijana wa kidato cha sita na kompyuta 6 zinazofanya kazi.

Fundi Sola Mafinga

Wakuu samahani nilikuwa porini. Mteja wa Makete amekubali, betri mbili: moja ipo bandani kama zamani, nyingine nimeiingiza ndani kwenye sanduku la mbao kama ulivyosema. Leo siku ya kwanza.

Saa 12 asubuhi: bandani nyuzi 2, ndani nyuzi 11.
Ya ndani imeanza kuchaji jua lilipogusa paneli, saa 1 na dakika 10.
Ya bandani imeanza saa 3 na nusu.

Nje kulikuwa na umande mweupe juu ya majani. Nimeandika kwenye daftari na nimepiga picha.

Mwana wa Kyimbila

Fundi, zimeingia kwenye jedwali. Nasubiri za mchana na za jioni. Kesho ukiweza, soma pia volti ya kila seli kabla haijaanza kupokea.

Mama Igurusi, mifuko imefika salama, yote miwili. Ya Kyela nimeiweka majini leo.

Mama Igurusi

Ile ya huku ni ya shamba la bondeni, lilitiwa urea tu. Ya Kyela nimemuuliza mwenyewe, anasema hakutia kitu.